Eti nyumba ya mawe haina haja ya kukaguliwa?
Ukitaka kununua nyumba Mji Mkongwe wa Zanzibar utaambiwa tu, kuta nene hizo, zishasimama miaka mia, fundi akague nini? Jamani sio hivo. Beit al Ajaib, lile jumba la Sultani pale Forodhani, imejengwa 1883, na tarehe 25 Disemba 2020 upande mmoja ukaporomoka, tena ilikuwa kwenye matengenezo, na watu wakafa.

Ukuta wa zamani ni mawe ya matumbawe na chokaa, unapumua, unyevu ukiingia unatoka wenyewe. Sasa mtu anataka kuuza haraka anapiga plasta ya simenti na rangi ya mafuta juu, unyevu unabaki ndani, chokaa inalainika taratibu na wewe unaona ukuta unang'ara tu ushapenda.

Mie nilikwenda kutazama moja na mjomba, fundi yule, dalali anaongea bei weee, mjomba kimya kapanda ngazi kachukua bisibisi akaichoma boriti pale inapoingia ukutani, ikazama kama kwenye mkate wa boflo! Katikati ngumu kama chuma. Boriti ya mkoko ndo ilivo, paa likivuja ncha inalowa inaoza, na ncha ndo imebeba dari zima. Dalali akasema ni kidogo tu hiyo (kidogo!).

Kwa hivo tafuta fundi anaejua chokaa, sio wa matofali tu, na nendeni masika mvua ikinyesha. Na kutengeneza huko kunataka kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe, kwa hivo hesabu hiyo iingie kabla hujatoa arubuni.