Manyunyu Ndiyo ya Kuogopa: Kutembea Msitu wa Mlimani Mwaka Mzima

Swali tunaloulizwa sana ni msimu upi unafaa kuingia msitu wa mlimani. Yote inafaa, ila kila msimu una msitu wake. Njia uliyoimaliza kwa saa mbili wakati wa ukavu, mvua ikinyesha huenda ikakuchukua nne, na theluji ikianguka usiione kabisa.

Kwa wastani, kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua nyuzi 6.5 za Selsiasi. Ukiacha nyuzi 18 bondeni, mita 1,200 juu yake utakuta kama nyuzi 10. Nyuzi 10 hazimtishi mtu, na hapo ndipo penye hatari. Theluji watu huijia wamejiandaa. Manyunyu huwakuta na shati la pamba. Pamba ikilowa hushika maji, upepo ukivuma mwili unapoteza joto, na likishuka chini ya nyuzi 35 hiyo tayari ni hipothemia.

Mwangalie mwenzako, maana mwenyewe hajitambui. Anabaki nyuma, anajikwaa, vidole vinashindwa kufunga zipu, ulimi umekuwa mzito. Msimwambie akaze mwendo. Mkingeni na upepo, mvueni nguo zilizolowa, mvisheni kavu, na kama anameza vizuri mpeni kinywaji cha moto chenye sukari. Pombe, hapana. Akiacha kutetemeka kabla hajapata joto, msifurahi: amezidiwa, iteni waokoaji. Ndiyo maana tunasisitiza fulana ya sufu ndani ya mfuko wa plastiki, hata siku ya jua kali.

Kuhusu muda, kanuni ya Mskoti William Naismith ya mwaka 1892 bado inasaidia: saa moja kwa kila kilomita 5, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Mapumziko hayamo. Beba tochi, kwani chini ya miti giza huwahi.

Ukisikia ngurumo, ondoka kwenye ukingo wa mlima na mbali na mti uliosimama peke yake. Subiri dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Na tope, tafadhali, lipite katikati. Kila anayelikwepa huipanua njia, kisha maji ya mvua huigeuza mtaro. Inama siku moja utazame pembeni mwa tope hilo: ndani ya alama ya kiatu utakuta mche wa mti, majani mawili tu, umelazwa chini.