Uchapishaji wa kitaaluma: namna utafiti unavyofika kwenye jarida

Uchapishaji wa kitaaluma ni utaratibu unaoyapitisha matokeo ya utafiti mikononi mwa mhariri na wataalamu wa fani husika, wakayasoma, wakayakosoa na kumrudishia mtafiti ayarekebishe, kabla hayajatolewa hadharani katika jarida au kitabu ambacho mtu mwingine ataweza kukitaja na kukipinga. Kinachoutofautisha na uchapishaji mwingine si karatasi wala tovuti, bali ni huko kukosolewa kwanza. Ripoti ya mradi iliyopigwa chapa kwa rangi na kugawiwa katika semina hotelini Posta inaweza kuwa na takwimu nzuri kabisa, lakini kama hakuna mtaalamu wa nje aliyepewa nafasi ya kuikataa, kwa maana hii bado haijachapishwa.

Tasnifu inakaa katikati. Imesahihishwa na watahini, imetetewa mbele ya jopo, na nakala yake imewekwa maktaba, lakini iliandikwa ili kuthibitisha kwamba mwanafunzi anastahili shahada. Ndiyo maana ina sura nzima ya mapitio ya maandiko na sura nzima ya mbinu za utafiti. Msomaji wa jarida hana haja ya kuthibitishiwa hayo. Anataka kujua ni jambo gani jipya limepatikana na limepatikanaje.

Tuchukue mfano wa kubuni wa mwanafunzi wa uzamili aliyechunguza jinsi mama lishe wa soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, wanavyopata mtaji, na tuseme tasnifu yake ina kurasa 140. Majarida mengi ya sayansi za jamii hupokea makala ya maneno kati ya 6,000 na 8,000 hivi, na wengi hudhani kazi iliyobaki ni kupunguza. Kupunguza hakutoshi, kwa sababu tasnifu ina hoja nyingi na makala inabeba moja. Huenda katika mahojiano yake ipo hoja ambayo hakuipa uzito, kwamba fedha za upatu hazinunui samaki wala mchele, bali hulipia marejesho ya mikopo ya riba kubwa, ile iitwayo kausha damu. Hoja hiyo peke yake inatosha kuwa makala. Habari za vikoba, za leseni na za ushuru wa soko zitasubiri makala nyingine, au zitabaki katika tasnifu.

Kuna jambo lisiloweza kurekebishwa katika hatua hii, nalo ni kibali. Utafiti nchini Tanzania hufanywa kwa idhini, iwe ya Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) au ya chuo kwa wanafunzi na watumishi wake, na ule wa afya hupitia pia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), ambayo huombwa ruhusa tena kabla ya matokeo kuchapishwa. Mhariri akiuliza namba ya kibali na ushahidi kwamba wahojiwa waliridhia, mtu aliyeingia sokoni bila hivyo hawezi kuvitafuta baada ya data kukusanywa.

Makala ikishafika jaridani, msomaji wake wa kwanza ni mhariri, na nyingi huishia mezani kwake: mada haihusiani na jarida, marejeleo hayakufuata mtindo, au programu ya kukagua wizi wa kitaaluma imeonyesha aya zilizonakiliwa. Zinazovuka hutumwa kwa wahakiki wawili au watatu, yaani wale wataalamu wa fani husika, ambao kwa kawaida hawalipwi. Katika majarida mengi mhakiki hatajwi kwa mwandishi, na mara nyingi mwandishi naye hatajwi kwa mhakiki.

Maoni yanayorudi huwa hayana upole. Mhakiki wa makala yetu ya Feri anaweza kuandika: “Mwandishi anasema ‘wahojiwa wengi’. Ni wangapi kati ya wangapi? Aliwapataje? Ikiwa alielekezwa kwao na kiongozi wa kikundi cha upatu, basi ambao hawamo katika upatu hawakusikika.” Swali hilo la mwisho laweza kuiangusha makala nzima, na mwandishi analazimika kurudi kwenye daftari lake la uwandani. Majibu huandaliwa katika jedwali: safu ya kwanza ina hoja ya mhakiki neno kwa neno, ya pili inaeleza kilichofanyika, ya tatu inataja ukurasa yalipo mabadiliko. Si lazima kukubali kila hoja. Inaruhusiwa kukataa, mradi sababu itolewe kwa ushahidi na kwa adabu. Wengi wetu tukipata barua yenye maneno “marekebisho makubwa” huiona kama kukataliwa, tukaifungia makala kwenye kompyuta, ilhali mhariri asiyeitaka angesema hivyo waziwazi.

Uhakiki huu, hata hivyo, una mpaka. Mhakiki hasafiri kwenda Feri kuwahoji mama lishe upya, anasoma alichoandikiwa. Mahojiano yaliyotungwa kwa ustadi yanaweza kumpita. Tena si utaratibu wa kale kama wengi wanavyofikiri. Jarida la Philosophical Transactions lilianzishwa London mwaka 1665, lakini jarida la sayansi la Nature lilianza kudai uhakiki wa nje kwa kila makala ya utafiti mwaka 1973 tu, miaka miwili baada ya jarida la Mulika kuanzishwa hapa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Makala ikikubaliwa, huhaririwa lugha, mwandishi hupewa prufu, yaani nakala ya majaribio iliyokwisha kupangwa kurasa, ya kusahihisha, na chapisho hupewa utambulisho wa kudumu wa kidijitali ili lipatikane hata tovuti ikihama.

Suala la fedha ni gumu zaidi. Majarida mengine hulipiwa na maktaba zinazoyasoma. Mengine huwa wazi kwa kila msomaji lakini humtoza mwandishi, na ada ya baadhi ya wachapishaji wakubwa hufika maelfu ya dola, ingawa wapo wanaosamehe waandishi wa nchi za kipato cha chini wakiombwa. Kwa kuwa mhadhiri hapandi cheo bila machapisho, matapeli wamepata soko: barua pepe yenye sifa tele, ahadi ya uhakiki wa siku chache, na akaunti ya kuweka ada. Kabla ya kulipa, inafaa kuwaandikia watu waliotajwa kuwa wahariri na kuwauliza kama wanalijua jarida hilo. Ni barua fupi, na majibu yake mara nyingine hushangaza.

Baada ya kutoka, makala huanza kusomwa na watu ambao mhariri hakuwachagua. Kosa dogo likionekana, jarida hutoa sahihisho. Ikibainika kwamba data ilitungwa au matokeo hayategemeki, makala hubatilishwa. Lakini kwa kawaida haiondolewi mtandaoni, bali hubaki mahali pake ikiwa na alama ya kubatilishwa na tangazo linaloeleza sababu, ili yeyote aliyekwisha kuirejelea aweze kujua.