Bili ya baridi huanzia kwenye mchoro wa jengo

Ukipanga kwenye baadhi ya maghorofa ya Dubai, huoni ukutani zile mashine za viyoyozi zinazodondosha maji. Mwisho wa mwezi, bili ya baridi inakuja kivyake, mbali na ya umeme. Baridi yenyewe inatoka nje ya jengo: mtambo mmoja unapoza maji hadi nyuzi 5 hivi, unayasukuma kwa mabomba chini ya barabara, na majengo mengi yanagawana.

Shuka chumba cha mitambo utazame vipimajoto viwili, cha bomba linaloingia na cha linalotoka. Maji yakiingia na nyuzi 5 yakatoka na 13, yamefanya kazi. Yakitoka na 9, yamebeba nusu tu ya mzigo. Ili kuondoa joto lilelile lazima maji yapite maradufu, na kwenye bomba lilelile hilo hudai nguvu ya pampu kama mara nane. Mara nyingi chanzo ni vali zisizofunga sawasawa. Hapo kosa ni letu wahandisi, silikani.

Ila ukubwa wa mtambo tunapangiwa na msanifu. Ukuta wa vioo unaotazama magharibi hupigwa na jua la alasiri likiwa limeshainama, kwa hiyo kipaa cha juu ya dirisha hakisaidii kitu. Zinahitajika papi za wima nje ya kioo. Pazia la ndani limechelewa, joto limeshaingia. Masdar City, kule Abu Dhabi, majengo yamesogezwa karibukaribu ili njia zipate kivuli. Mkazi wa Mji Mkongwe, Zanzibar, hilo hahitaji kufundishwa.

Kubanana huko kunafupisha bomba pia. Copenhagen, ambako kinachosambazwa ni joto, karibu mji mzima umeungwa, na Denmark ina sheria ya usambazaji wa joto tangu 1979. Pale nyumba zilipotawanyika, kila moja na bustani yake, joto jingi hupotelea ardhini njiani.

Halafu kuna saa za matumizi. Ofisi hutaka baridi mchana, nyumba za kuishi hutaka zaidi jioni. Zikichanganywa mtaa mmoja, mtambo mdogo zaidi unazitosha zote.

Na tafadhali, wapangaji miji, tuachieni njia ya bomba mapema. Bomba kuu huweza kuzidi nusu mita kwa upana. Barabara ikishajaa nyaya na maji taka, kulipitisha ni kufumua lami iliyotandikwa juzi.