Kwa Nini Mistari ya Wi-Fi Imejaa Lakini Intaneti Haipo?

Umeme umekatika Ngamiani, Tanga, umerudi, kompyuta imewashwa. Kwenye pembe ya kioo mistari ya Wi-Fi imejaa yote, ila hakuna ukurasa unaofunguka. Hapo hukumu hutoka upesi: mtandao upo, kompyuta ndiyo mbovu. Basi kompyuta inabebwa hadi kwa fundi, inashika intaneti ya fundi bila taabu, inarudishwa nyumbani, inagoma tena.

Kosa ni la kuisoma ile mistari. Inachopima ni nguvu ya mawimbi ya redio kati ya kompyuta na ruta, yaani kile kifaa cha kusambaza Wi-Fi kilichoko sebuleni, basi. Mita tano, mita kumi, pengine na ukuta mmoja wa matofali. Haijui kama ruta inasikilizana na mnara, kama bando limebaki, wala kama wachimba mitaro wamekata waya wa faiba huko barabarani. Ruta ya 4G ukiitoa laini kabisa, mistari ya Wi-Fi kwenye kompyuta itabaki imejaa vilevile. Ni kama wakala wa pesa: mwavuli umefunguliwa, mwenyewe yuko kitini, simu mbili ziko mezani. Kama ana floti, yaani salio la kukuwekea pesa kwenye simu, au hana, mwavuli haukwambii. Utajua ukimwomba akuwekee pesa.

Kompyuta nayo huomba. Windows 10 na 11 zikishaunganishwa na mtandao huenda kimyakimya kwenye anwani www.msftconnecttest.com kuchukua faili linaloitwa connecttest.txt. Ndani yake mna maneno matatu: Microsoft Connect Test. Herufi 20 na nafasi 2, hakuna kingine. Yakirudi kama yalivyo, intaneti ipo. Yasiporudi, alama ya Wi-Fi hugeuka kuwa alama ya dunia, au hupata pembetatu ya njano kwenye matoleo ya zamani. Yakirudi maneno mengine, mathalani kwa sababu Wi-Fi ya hoteli inataka kwanza uingize namba ya chumba, Windows hutambua kuwa kuna aliyejiweka katikati. Simu za Android ni bahili zaidi: huomba ukurasa mtupu na hutarajia kujibiwa kwa namba 204, yaani ombi limefika ila hakuna cha kukupa. Vifaa vya Apple husubiri neno moja tu, Success. Hukumu nzito namna hiyo imeegemea faili ambalo lingeenea kwenye ujumbe mfupi wa simu na nafasi ikabaki.

Kwa hiyo alama yenyewe huweza kukosea, tena pande zote mbili. VPN (programu inayopitisha intaneti yako kwenye njia ya siri) au programu ya kuzuia virusi ikilizuia faili lile, Windows itasema hakuna intaneti huku unaangalia video. Kinyume chake ndicho kinachoshangaza zaidi. Faili lile huombwa kwa http ya kawaida, isiyo na kufuli, ilhali tovuti karibu zote leo hutumia https, ambayo hukagua cheti cha utambulisho wa tovuti, chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta ya mezani iliyozeeka, betri yake ya CR2032 ikishakufa, hupoteza tarehe kila umeme unapokatika na kurudi miaka mingi nyuma. Kwa saa hiyo, vyeti vyote vya leo bado havijaanza kutumika. Matokeo yake alama inasema intaneti ipo, na kila tovuti inakataa. Rekebisha tarehe kwa mkono, kisha badilisha betri. Ni kidonge cha volti 3 kwenye ubao mkuu, na hutolewa baada ya kuchomoa waya wa umeme.

Kama tarehe ni sahihi, acha kuangalia alama na upime mwenyewe. Andika cmd kwenye sehemu ya kutafutia, fungua dirisha jeusi, andika ipconfig. Angalia namba ya IPv4, yaani anwani ya kompyuta kwenye mtandao. Ikianza na 169.254, ruta haikuipa kompyuta anwani na kompyuta imejipachika yake. Hilo hutokea umeme unaporudi kwenye nyumba inayotumia waya, kwa kuwa ruta huchukua dakika mbili tatu kuamka. Chomoa waya wa mtandao, subiri taa za ruta zitulie, chomeka tena.

Ikiwa namba inaanza na 192.168 au 10, shuka hadi mstari wa Default Gateway. Hiyo ndiyo ruta. Andika ping, amri ya kubisha hodi na kusubiri jibu, ikifuatiwa na namba hiyo, halafu ping 8.8.8.8, ambayo ni anwani ya Google huko nje, halafu ping google.com. Ya kwanza ikigoma, tatizo limo ndani ya nyumba. Ya kwanza ikijibu na ya pili ikagoma, kompyuta haina hatia: angalia salio la bando (masasisho ya Windows hulila usiku, usipoiambia kuwa mtandao huo ni wa kupimiwa, yaani metered), kisha ruta, kisha mtoa huduma. Kwenye faiba, taa nyekundu ya LOS maana yake mwanga haufiki, na hapo ni kupiga simu tu. Tatizo linaweza kuwa mbali zaidi: tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, Tanzania nzima ilitaabika huku ruta za watu zikiwa nzima. Ikigoma ya tatu peke yake, njia iko wazi ila majina ya tovuti hayageuzwi kuwa namba. Kazi hiyo ya kugeuza ni ya DNS: weka ya 8.8.8.8 au 1.1.1.1, kisha andika ipconfig /flushdns ili kompyuta isahau majibu ya zamani. Baadhi ya mitandao huzuia ping, kwa hiyo ping iliyojibiwa ni ushahidi, isiyojibiwa ni dokezo.

Kwa walio karibu na bahari, kama Raskazone, kichwa cha waya wa mtandao kinastahili kutiliwa shaka mapema. Kina pini 8 zilizopakwa dhahabu, na kwenye vichwa vya bei rahisi rangi hiyo ni nyembamba mno, hivyo hewa ya chumvi hupenya na kuleta kutu ya kijani. Intaneti huwa inakuja na kuondoka. Usikwangue, maana unamaliza dhahabu iliyobaki. Kata ncha, ubane kichwa kipya.

Adapta ya ruta nayo huumizwa na umeme unaopanda na kushuka. Taa zinawaka, lakini ruta inajizima na kujiwasha. Mpya iwe na volti zilezile zilizoandikwa kwenye ruta, mara nyingi 12, ampea zisipungue, na chanya na hasi zikae upande uleule.

Kuzima ruta kwa nusu dakika na kuiwasha hakuna madhara. Kile kitundu cha nyuma kinachobonyezwa kwa sindano ni jambo jingine: hufuta jina la Wi-Fi, nywila, na kwenye ruta nyingi za faiba, hata taarifa za kuingilia kwa mtoa huduma. Ukishakibonyeza, tatizo lililokuwa la dakika tano litasubiri siku fundi wao atakapopata nafasi.