Baridi Husingiziwa: Dhana Potofu Kuhusu Kuyavusha Maua Majira ya Baridi

Mmea wa maua ukifa katikati ya majira ya baridi, mshukiwa wa kwanza huwa baridi yenyewe, na mara nyingi inasingiziwa. Mimea mororo, yaani isiyostahimili kuganda, kama dalia, fuksia na bogenvilia huangamizwa pia na maji yanayotuama kwenye mizizi iliyolala, na dhana nyingi zinazoenezwa kuhusu namna ya kuivusha huiongeza hatari hiyo.

Tuanze na dalia, kwa kuwa ndiyo inayozushiwa mengi. Husemwa kwamba sakitu, yaani umande ulioganda, ya kwanza ikiikuta bustanini, basi imekwisha. Ukweli ni kwamba sakitu huunguza majani yakawa meusi kwa usiku mmoja, lakini viazi vilivyo chini hubaki vizima maadamu udongo wenyewe haujaganda. Tena kufupika kwa mchana ndiko kunakouchochea mmea huu, wenye asili ya nyanda za juu za Meksiko na Amerika ya Kati, kuvinenepesha viazi vyake, kwa hiyo anayeving'oa mapema kwa hofu huvikatizia kazi. Majani yakishaungua, shina hukatwa na kuachwa kama sentimita 15, viazi huchimbuliwa kwa uangalifu, kisha hupinduliwa kichwa chini kwa siku chache, kwa sababu shina la dalia lina uwazi ndani kama bomba na maji yanayobaki humo huteremka hadi shingoni, pale shina linapoungana na viazi, na kupaozesha. Shingo hiyo ndiyo yenye macho, yaani sehemu zinazochipua. Kiazi kinono kilichokatika bila kipande cha shingo hakitachipua kamwe, tofauti na kiazi cha kuliwa ambacho macho yake yametapakaa mwili mzima.

Kuhusu kuvihifadhi, wako wanaovifungia ndani ya nailoni na wako wanaoviacha vitupu rafuni, na pande zote mbili hukosea. Maranda au mchanga wenye unyevu kidogo tu, mahali penye giza na nyuzijoto kati ya 4 na 10 za Selsiasi, hutosha, mradi vikaguliwe kila mwezi. Kiazi kilichokunjamana kina kiu, na kukinyunyizia maji kidogo humaliza tatizo. Kile ambacho kidole gumba huzama ndani yake na kutoa majimaji yenye uvundo hutupwa mara moja kabla hakijawaambukiza wenzake. Gladiolasi ni kinyume: tunguu zake hutaka ukavu na hewa inayopita.

Dhana inayowapotosha hata wenye uzoefu ni kwamba namba ya ukanda kwenye ramani inayogawa maeneo kwa ukali wa baridi yake inamaliza mambo. Ramani ya Wizara ya Kilimo ya Marekani, ambayo toleo lake la 2023 lina kanda 13, hupima jambo moja tu: wastani wa kiwango cha chini kabisa cha joto cha kila mwaka, kwa takwimu za 1991 hadi 2020. Haisemi lolote juu ya mvua, mawingu, wala urefu wa majira ya baridi. Kwa kipimo hicho London na sehemu za kaskazini mwa Florida huangukia ukanda wa 9, ilhali Florida sakitu huja usiku na jua likarudi mchana, na London udongo hukaa umelowa na baridi kwa majuma mfululizo. Dalia iliyoachwa ardhini chini ya matandazo, yaani majani au nyasi za kufunika udongo, huweza kupona kwenye kichanga kinachopitisha maji, na ikaoza kwenye mfinyanzi wa ukanda uleule.

Wala pasipo na sakitu si lazima pawe salama. Hibiskasi ya kitropiki huanza kudhurika chini ya nyuzijoto 10 hivi, kwa sababu utando wa seli zake hukakamaa kwa ubaridi hata bila chembe ya barafu. Nayo matandazo hayaupashi udongo joto. Huchelewesha tu joto lililomo lisitoroke, kazi ambayo theluji inayolaumiwa bure huifanya vizuri pia.

Imebaki huruma ya ndani ya nyumba: mmea huwekwa karibu na kipasha joto na kumwagiliwa kama kiangazi. Desemba mjini London huwa na takriban saa 8 tu za mwanga kwa siku, na joto jingi penye mwanga hafifu huzaa vichipukizi virefu, vyeupe na dhaifu, ambavyo vidukari huvipenda mno. Fuksia hupendelea mahali penye ubaridi usiofikia kuganda, hata gizani, na maji machache ya kuzuia mizizi isikauke kabisa. Itapukutisha majani yote, na hapo wengi huitupa wakidhani imekufa, ilhali kulikwaruza gome kwa ukucha kungetosha: pakionekana kijani kibichi chini yake, tawi hilo li hai.