Daktari wa kwenye video na mtoto mahututi: maswali tunayoulizwa chumba cha dharura

Huduma ya dharura kwa video ni kitu gani?

Mhudumu aliye na mtoto mahututi, ndani ya gari la wagonjwa au kwenye zahanati, anafungua kamera ya simu, na daktari bingwa aliye hospitali kubwa anamwona mtoto papo hapo. Anayemshika mtoto ni mhudumu. Daktari anatazama, anauliza, anaelekeza.

Mhudumu si amesomea? Kwa nini aelekezwe?

Amesomea, lakini watoto mahututi ni wachache kati ya wagonjwa anaowabeba. Wiki nzima anaweza kuwa na majeruhi wa bodaboda, wajawazito na wazee wenye presha, kisha anakabidhiwa mtoto wa miezi saba anayeshindwa kupumua. Dawa za mtoto hupigiwa hesabu kwa kilo. Nukta moja ikihama, dozi imezidi mara kumi. Mara nyingi mtoto mwenyewe hajapimwa uzito, inabidi kilo zikadiriwe kwa umri au kwa utepe wa kupimia urefu, huku gari likiruka mashimo.

Hapo ndipo macho ya pili yanaposaidia. Daktari anarudia hesabu. Anaangalia kama kifua kinapanda kila mfuko wa kupumulishia unapobonyezwa, na kama hakipandi anamwambia mhudumu aweke sawa shingo ya mtoto au akaze barakoa inayovuja hewa. Kifua tunakitazama kuliko vyote, maana moyo wa mtoto kwa kawaida husimama baada ya pumzi kushindwa. Pumzi ikiokolewa mapema, moyo huwa na nafasi.

Ubingwa wa tiba ya dharura kwetu Tanzania bado mchanga. Idara ya dharura ya Muhimbili ilifunguliwa mwaka 2010. Mabingwa hawatoshi kukaa kila wilaya.

Basi mimi nikimpigia video shemeji yangu daktari, si ni yale yale?

Hapana. Na jibu hili naomba lisomwe mara mbili.

Tunapokea watoto ambao video zao zimezunguka kwenye kundi la familia tangu jioni. Shangazi kasema ni meno. Mjomba kasema apewe dawa ya mafua. Shemeji daktari yuko zamu, hajafungua simu. Saa nane usiku ndipo mtoto analetwa, amelegea, macho yamepinduka, na mama anatuonyesha video ya saa moja jioni ambayo mbavu zilikuwa tayari zinaingia ndani. Yaani hatari ilionekana, ikarekodiwa, ikatumwa, halafu ikasubiriwa!

Kwenye video ya dharura, upande wa mtoto kuna mtu mwenye oksijeni, dawa na mikono iliyofundishwa. Sebuleni kwako hayo hayapo. Hata bingwa akikujibu dakika hiyo hiyo, atakachokuambia ni mpeleke mtoto hospitali. Nakuambia mimi sasa: mpeleke. Usisubiri jibu la simu.

Nitajuaje kwamba amefikia hatua hiyo?

Hanyonyi au hawezi kunywa. Anatapika kila anachopewa. Amepata degedege. Amelegea au haamshiki vizuri. Mbavu za chini zinaingia ndani anapovuta pumzi. Anapumua haraka: mhesabu dakika nzima akiwa ametulia, na kama ni mara 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi 2, mara 50 kwa wa miezi 2 hadi 11, mara 40 kwa wa mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza miaka 5, hiyo ni hatari. Moja tu kati ya hizi inatosha. Usingoje ya pili.

Nimrekodi kwanza, ili daktari aone alivyokuwa?

Kama mko wawili, mmoja arekodi nusu dakika wakati mwenzake anatafuta usafiri; inatusaidia. Kama uko peke yako, weka simu mfukoni umbebe mtoto.

Tumeambiwa mwenye degedege akichomwa sindano anakufa.

Sindano haimuui. Mtoto hufukizwa kinyesi cha tembo, hukojolewa, hunyweshwa majani ya kuchemsha akiwa hajitambui, majani yanaingia kwenye mapafu. Analetwa kesho yake, anachomwa sindano, anafariki, na sindano ndiyo inayobeba lawama. Kilichomuua ni malaria kali au homa ya uti wa mgongo, sukari iliyoshuka, na saa zilizopotea. Nasema tena: sindano haimuui, kuchelewa ndiko kunakomuua. Mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, usimnyweshe chochote, angalia saa. Likipita dakika 5 ubongo uko hatarini. Likiisha mapema, bado mlete.

Gari la wagonjwa halipo. Nifanyeje?

Kwa mjamzito, aliyejifungua na mtoto mchanga, piga 115, namba ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa mama na mtoto mchanga, bila malipo. Kwa mtoto mkubwa zaidi chukua kinachopatikana: bajaji, bodaboda, gari la jirani. Nendeni kituo cha karibu, hata kiwe zahanati. Mhudumu ataanza matibabu na kuwasiliana na hospitali wakati usafiri wa rufaa unatafutwa. Mtoto wa chini ya miaka 6 mwenye dalili za malaria kali anaweza kuwekewa artesunate, dawa ya malaria, kwa njia ya haja kubwa. Hiyo inamvusha njiani tu. Homa ikishuka msigeuze kurudi nyumbani, kama wengi wanavyofanya.

Mtandao ukikatika njiani?

Mhudumu anapiga simu ya kawaida na kuendelea kwa mwongozo wake. Matibabu hayasimami.

Nikifika niseme nini?

Hali ilianza saa ngapi, degedege limedumu muda gani, mara ya mwisho amenyonya au kula lini, uzito wake kwenye kadi ya kliniki, na kila alichopewa, pamoja na dawa za kienyeji na vidonge vya dukani. Usifiche kwa kuogopa kugombezwa. Daktari wa kwenye video atamuuliza mhudumu hayo kabla hajataja dozi yoyote, na anayejua majibu ni wewe.