Ng'ombe wa malishoni hajilei mwenyewe

Mombasa wengi husema ng'ombe wa malishoni hana kazi: unamfungulia asubuhi, anakula nyasi za Mungu, jioni unakama. Si kweli, na dhana hii imewaponza walionunua mifugo wakidhani nyasi zitamaliza kila kitu.

Familia inayofuga Mwakirunge au Mtongwe hukama alfajiri na kutoa ng'ombe mapema. Jua la pwani likipanda, ng'ombe huacha kula akakimbilia kivuli, hasa mwenye damu ya Friesian, aina ya ng'ombe wa maziwa kutoka Ulaya. Malisho ya maana ni ya asubuhi na jioni. Maji yawepo kutwa.

Kazi inayosahaulika zaidi ni kupe. Hujificha ndani ya sikio na chini ya mkia, na kupe wa kahawia wa sikioni ndiye hueneza ndigana kali, ugonjwa unaoua ndama na hata ng'ombe mzima. Inua sikio, pekua kwa vidole, kisha nyunyiza dawa kwa ratiba bila kuruka.

Nyasi nazo hulindwa. Zikiliwa hadi shinani kila siku, mizizi hudhoofika, kwa hiyo ng'ombe huhamishwa kipande kwa kipande. Masika yakiisha, kata nyasi ukaushe. Januari hadi Machi malisho huwa haba.